Miji ya Mifereji Nje ya Shanghai: Kutoka Asubuhi, Kurudi Jioni

Kiwanda kilisema mzigo utakuwa tayari Jumatatu, kikabadili kauli kikasema Jumatatu ya pili. Anayefuata bidhaa Yiwu, mji wa China wa masoko ya jumla, anajua kwamba kugombana hakusaidii, mashine haiongezi kasi kwa kelele zako. Nikamwachia agenti maelekezo, nikapanda treni ya mwendokasi hadi Shanghai, nikapanga chumba cha bei poa karibu na stesheni ya Hongqiao.

Nilikuwa nimeshaitazama ramani sana. Kusini mwa mto Yangtze nchi ni tambarare iliyojaa maji. Ziwa Tai liko katikati, mito na mifereji inakatiza kila upande, na kwenye makutano ya maji hayo kuna miji midogo ya zamani ambayo nyumba zake mlango mmoja unatazama mtaa na wa pili unashuka mferejini. Mchele, pamba na hariri vilipita humo kwa mashua kuelekea Mfereji Mkuu, ule unaopanda hadi Beijing, ambao UNESCO iliutangaza urithi wa dunia mwaka 2014. Reli na lami zilipokuja zikapita kwingine. Biashara ikahama, hela ya kubomoa na kujenga upya ikakosekana, na nyumba zikabaki kama zilivyo.

Ilikuwa mwisho wa Machi, kabla ya Qingming, sikukuu ambayo Wachina huenda kusafisha makaburi ya wazee wao na treni zote hujaa. Nikaamua kila siku nitoke peke yangu na begi dogo, nirudi kulala palepale.

Jumatatu, Zhujiajiao

Nilianza na ulio karibu. Metro namba 17 inaanzia hapohapo Hongqiao, na tangu mwisho wa 2017 inakufikisha Zhujiajiao bila kubadilisha treni. Kuingia mjini ni bure. Unalipa ukitaka kuingia kwenye bustani au nyumba za maonyesho tu.

Nilifika maduka yanafunguliwa. Mimi nina fremu Kariakoo, kwa hiyo macho yalinasa hapo kwanza. Mlango wa duka la zamani huku si mlango, ni mbao ndefu nyembamba zilizosimamishwa ubavu kwa ubavu, zimeingia kwenye mfuo uliochongwa juu na chini. Mwenye duka anazichomoa moja moja, anaziegemeza ukutani kwa mpangilio, na kila ubao una namba yake kwa wino mweusi. Ukikosea mpangilio jioni, ubao wa mwisho haukai na duka halifungi. Mzee mmoja alimaliza kazi hiyo huku sigara ikiwa mdomoni, wala hakuangalia namba.

Daraja kubwa la hapa ni Fangsheng, la matao matano, lililojengwa mwaka 1571 chini ya usimamizi wa mtawa wa Kibudha, likajengwa upya 1812. Mgongo wake umeinuka sana ili mashua zipite chini, na kulipanda ni kupanda ngazi hasa. Kina mama wanauza samaki wadogo ndani ya mifuko ya plastiki. Unanunua, unamwachia mtoni akaishi, unapata thawabu. Nilisimama pale kwa muda nikipiga hesabu ya kibiashara: kama samaki walewale wanavuliwa tena usiku, basi huo ni mtaji usioisha.

Kufika saa nne mabasi yalikuwa yameshashusha watu. Mtaa wa kaskazini ni mwembamba, na ukishajaa hutembei, unabebwa. Pande zote mbili wanauza miguu ya nguruwe iliyopikwa mpaka ikawa myekundu, na wali wa kunata uliofungwa kwenye majani pamoja na nyama ileile. Msimu huu kuna pia vidonge vya kijani vya unga wa mchele, vimekandwa kwa maji ya majani ya pakanga, ndani vina maharage matamu yaliyopondwa. Nikafurahi, hapa nimepona. Nikamwonyesha muuzaji swali kwenye simu: kuna mafuta ya nguruwe? Akaitikia kwa kichwa, anatabasamu, kwa fahari kabisa. Ndiyo yanayolainisha maharage.

Kwa hiyo wenzangu msiokula nguruwe, tafuteni duka la tambi za kuvutwa kwa mkono, lenye maandishi ya Kichina na ya Kiarabu mlangoni. Wenyewe ni Waislamu wa kabila la Hui, wengi kutoka Qinghai na Gansu, na karibu kila mji wapo. Ila usiwatafute ndani ya mji wa zamani ambako kodi ni kubwa. Nenda karibu na stendi ya basi. Supu ya ng'ombe, tambi, majani ya giligilani, pilipili ya mafuta unajiwekea mwenyewe. Nilipotoa salamu, kijana aliyekuwa anavuta tambi aliiitikia kwa sauti mpaka mama yake akachungulia kutoka jikoni.

Jumanne, Zhouzhuang

Huu ndio mji wenye jina kuliko yote, na kiingilio ni yuan 100. Umezungukwa na maziwa, na zamani aliyetaka kufika alipanda mashua. Miaka ya 1980, miji mingi ya eneo hili ilipokuwa inabomolewa ipate barabara pana na viwanda, profesa Ruan Yisan wa Chuo Kikuu cha Tongji alizunguka akiwabembeleza viongozi wa wilaya waache nyumba zao kuukuu. Wengi walimwona kikwazo cha maendeleo. Zhouzhuang ulikubali mpango wake, na leo ndio unaokusanya yuan 100 kwa kila kichwa.

Tangazo la bure lilitoka kwa mchoraji Chen Yifei. Alichora madaraja mawili yaliyoungana kwenye kona ya mifereji, moja lina tao la mviringo na jingine uwazi wa mraba. Mwaka 1984 tajiri wa Marekani Armand Hammer akainunua picha hiyo, akampa zawadi Deng Xiaoping, kiongozi wa China. Tangu hapo kila anayekuja lazima apigwe picha pale. Foleni ilikuwepo, na nilipofika mbele nikageuka kivutio mimi. Wasichana wawili waliovaa mavazi ya kale ya kukodi waliomba picha na mimi, kisha mama yao, kisha watu wasiowajua. Sikukasirika. Lakini ukisafiri peke yako ukiwa na ngozi yetu, huna mwenzio wa kukuokoa, kwa hiyo jifunze mapema kutabasamu huku miguu inaondoka.

Bei ya mashua ni ya mashua nzima, si ya mtu. Peke yako unalipia viti vya watu wengine. Nilisimama gatini mpaka wakaja wazee wanne wastaafu kutoka Wuxi, nikawaonyesha vidole vitano na mashua, wakaelewa.

Mwenye mashua alikuwa mwanamke, rika la mama yangu mdogo, kitambaa cha buluu chenye maua meupe kichwani. Nilimwita ayi, kama wanavyomwita mwanamke wa umri huo. Alisimama tezi. Kasia lake ni moja tu, refu, limekalia kinundu cha chuma, na mpini wake umefungwa kamba inayoshuka hadi sakafuni. Mkono mmoja unasukuma mpini, wa pili unavuta kamba. Kamba ndiyo inayolipindua bapa ndani ya maji, kulia, kushoto, kama mkia wa samaki, bila kutoka nje hata mara moja. Hakuna maji yanayorushwa wala mlio. Mimi nimekulia Pangani, upondo na kafi nimeviona tangu utotoni, lakini chombo kinachopita kwenye mfereji mwembamba bila kasia kutokeza ubavuni sikuwahi kukiona. Nilipomwuliza kwa ishara akanipisha nijaribu. Tukaenda upande. Wazee wa Wuxi wakashangilia.

Akaimba pia. Baadaye nikaona nyimbo zina bei yake kwenye kibao.

Wenye fedha wa Zhouzhuang huanza na Shen Wansan, mfanyabiashara wa karne ya 14, ambaye simulizi zinasema utajiri wake ulimkera mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming mpaka akapelekwa uhamishoni Yunnan. Nyumba ya ukoo wake inayotembelewa leo ilijengwa 1742. Yeye mwenyewe amebaki kuwa jina la chakula: paja la nguruwe la Wansan, linalouzwa kila baada ya hatua kumi.

Jumatano, Tongli

Mvua tangu alfajiri. Nilitaka kulala, nikakumbuka kwamba mvua inafukuza vikundi vya watalii vinavyofuata bendera ya kiongozi. Treni hadi Suzhou ni nusu saa, na palepale stesheni unashika metro namba 4 ya Suzhou mpaka kituo cha mwisho, Tongli. Kiingilio tena yuan 100, lakini humo kuna bustani ya Tuisi, na hiyo peke yake inalipa.

Ilijengwa kati ya 1885 na 1887 na Ren Lansheng, afisa wa serikali aliyeondolewa kazini kwa tuhuma, mojawapo ikiwa ni kujinufaisha. Akarudi kwao akajenga bustani ya kukaa na kutafakari mapungufu yake. Msomaji wa kwetu ataelewa bila mimi kuongeza neno. Ni ndogo, haifiki hekta moja, na tangu 2000 imo kwenye urithi wa dunia pamoja na bustani za Suzhou. Kutoka barabarani huoni kitu. Unapita mapokezi, unapita ua wa makazi, ndipo bwawa linafunguka, na vibanda vyote vimejengwa chini sana, usawa wa maji, kiasi kwamba mvua ilipokolea sikuweza kuona sakafu inaishia wapi. Nilikaa kwenye korido lenye paa mpaka viatu vikaanza kukauka. Walinzi wawili walikuwa wanakula mbegu za alizeti na kusimuliana mambo kwa lahaja ya hapa, ambayo simu yangu haikuitambua kabisa.

Katikati ya mji kuna madaraja matatu yaliyokaribiana, Taiping, Jili na Changqing. Desturi ni bibi harusi kuvushwa yote matatu. Siku hiyo hapakuwa na harusi. Mzee mmoja alikuwa na mashua na ndege aina ya mnandi, shingo zimefungwa uzi ili wasimeze samaki mkubwa. Siku hizi ni maonyesho, unalipa kumtazama. Mvua ikamkatisha tamaa, akawafunika ndege turubai akaondoka.

Alhamisi, Xitang

Huu nitaupitia haraka. Treni hadi Jiashan Kusini, kisha basi. Sifa yake ni korido ndefu zenye paa la vigae kando ya mfereji, unatembea mjini mzima bila mwavuli, na vichochoro kama Shipi, ambacho kina urefu wa mita 68 na sehemu yake nyembamba haifiki mita moja. Nilikutana humo na mtu mwenye ndoo mbili. Tulilazimika kukubaliana nani arudi nyuma. Tom Cruise alikimbia kwenye mitaa hii kwa ajili ya filamu iliyotoka 2006, na maduka hayajaisahau. Baada ya chakula cha mchana baa zilianza kupima spika zao, nikaondoka.

Watu wataniuliza mbona sikwenda Wuzhen. Upande wake wa magharibi, Xizha, ulifunguliwa 2007 baada ya wakazi kuhamishwa na nyumba kukarabatiwa na kampuni, na tangu 2014 serikali hufanyia hapo mkutano wake wa dunia wa intaneti. Waliofika wanasema ndio mzuri kuliko yote, na picha zinawaunga mkono. Mimi nilitaka kuona nguo zimeanikwa.

Ijumaa, Nanxun

Nguo zimeanikwa. Hapa ndipo ningekaa wiki.

Tangu mwisho wa 2024 kuna reli mpya ya mwendokasi kutoka Hongqiao kwenda Huzhou inayosimama Nanxun, kwa hiyo mji uliokuwa mbali sasa ni saa moja na ushee mlango kwa mlango ukibahatika na teksi. Wageni wa nje bado ni wachache. Hakuna aliyeniomba picha isipokuwa mtoto mmoja, na yeye alitaka kuipiga picha simu yangu, si mimi.

Nanxun ni mji wa hariri. Kijiji cha jirani, Jili, kilizalisha uzi ulioshinda medali kwenye maonyesho makubwa ya London mwaka 1851. Shanghai ilipofunguliwa kwa biashara ya Wazungu mwaka 1843, watu wa hapa hawakusubiri wanunuzi waje. Walipeleka mzigo bandarini wenyewe, wakaweka watu wao waliojifunza lugha za wageni, wakawa wao ndio dalali, mkalimani na muuzaji kwa pamoja. Utajiri ukaja kwa kishindo. Wenyeji wakawapanga matajiri wao kwa ukubwa wa wanyama: tembo wanne, ng'ombe wanane, na mbwa wa dhahabu sabini na wawili. Tembo hao wanne walikuwa koo za Liu, Zhang, Pang na Gu.

Nyumba ya Zhang Shiming ndiyo iliyonimaliza. Unaingia ua wa Kichina, kumechongwa majani ya mgomba, unaingia ua wa pili, wa tatu, halafu unasukuma mlango unajikuta kwenye ukumbi wa dansi wa Kizungu, vigae na vioo vya rangi vilivyoagizwa Ufaransa, matofali mekundu nje. Mbele Uchina, nyuma Paris, na utajiri wa ukoo ulianzia kwenye uzi. Nilimfikiria agenti wangu wa Yiwu, anayeongea Kiswahili cha "dada bei ya mwisho" na ana ghorofa Jinhua. Biashara hii haijabadilika sana.

Ukoo wa Liu walielekea kwenye vitabu. Liu Chenggan alijenga maktaba ya Jiaye kati ya 1920 na 1924, ikiwa imezungukwa na maji kwa ajili ya kuogopa moto. Lakini wakati huo hariri ya Japani, iliyosokotwa kwa mashine na uzi wake sawasawa kila robota, ilikuwa imeshaanza kuwanyang'anya soko. Uzi wa Jili ulikuwa mzuri, ila kila mkulima alitoa wa kwake. Mnunuzi mwenye kiwanda hataki uzuri unaotofautiana.

Mchana nilihamia Baijianlou, safu ya nyumba zilizoshikana kando ya mfereji, karibu mita 400, kuta nyeupe na kati ya nyumba na nyumba ukuta wa kuzuia moto uliopanda juu ya paa kwa ngazi. Watu wanaishi humo. Mama mmoja alishuka ngazi za mawe hadi kwenye maji akasuuza dekio. Hatua tano pembeni mwingine alikuwa anaosha mboga, ila yeye kwa maji ya bomba kwenye karai. Mbele ya mlango mwanamume alikuwa anamparua samaki magamba huku paka watatu wamekaa mstari.

Bibi mwenye meza mbili nje ya nyumba yake alinikaribisha chai. Kikombe kilikuja kimejaa vitu: maharage machanga ya soya yaliyokaushwa kwa moshi, vipande vya karoti kavu, ganda la chungwa, ufuta, na majani ya chai machache. Nikanywa. Ina chumvi! Bibi aliniangalia usoni kwa makini, akasubiri nimeze, ndipo akanionyesha kwa kidole kwamba yaliyobaki chini ni ya kutafuna. Akajaza maji ya moto mara ya pili, ya tatu. Nilipotaka kulipa kwa kuskani, akaninyooshea ubao wenye msimbo uliofichwa chini ya kopo la ufuta. Hata yeye hataki noti.

Jumamosi

Sikutoka. Jumamosi nusu ya Shanghai inakwenda huko. Nilifua, nikamjibu agenti, nikalala.

Jumapili, Liuhe

Hapa si mahali pa mifereji ya kwenye kalenda, na sikukuta mtalii. Unapanda treni hadi Taicang, kisha teksi. Liuhe upo karibu na mdomo wa mto Liu, unapoingia Yangtze kabla ya bahari, na zamani bandari yake ikiitwa Liujiagang. Merikebu za Zheng He, amiri wa Kichina, zilikusanyika hapa kabla ya kutoka kwenda Bahari ya Hindi, kati ya 1405 na 1433. Mzigo wa miji niliyotembea wiki nzima ulikuwa na njia ya kufika baharini, na hii ilikuwa mojawapo.

Hekalu la Tianfei, mlinzi wa mabaharia, sasa ni ukumbi wa kumbukumbu ya Zheng He. Mwaka 1431, kabla ya safari ya mwisho, aliacha maandishi ya kuchongwa hapa yanayotaja safari zake moja baada ya nyingine. Jiwe la awali limepotea. Maneno yamesalia kwa sababu yalinakiliwa kitabuni. Kwenye safari ya 1417 yametaja zawadi zilizotoka kwetu: Mogadishu ilitoa pundamilia na simba, Barawa ilitoa ngamia na mbuni. Barawa, mji wa Waswahili wa kaskazini, umeandikwa kwenye bandari ndogo ya jimbo la Jiangsu ambayo hata dereva wangu wa teksi hakujua ina historia gani. Twiga wa Malindi alikuwa ameshafika mapema zaidi, mwaka 1415.

Mlinzi wa ukumbi, mzee wa kama miaka sitini, alikuwa hana wa kumlinda. Akanifuata chumba hadi chumba. Mwisho akaniuliza kupitia simu natoka wapi. Nikamfungulia ramani, nikamwonyesha Tanzania, kisha nikapandisha kidole pwani yote hadi Barawa. Akauliza kama wale wanyama wenye mistari bado wapo. Nikamtafutia picha niliyopiga dirishani mwa basi, barabara ya Iringa, pale inapokatiza mbuga ya Mikumi: pundamilia kumi na kitu wanakula majani kando ya lami. Akaikuza kwa vidole, akamwita mwenzake kutoka geti la nje, wakaitazama wote wawili. Kisha akaandika swali lingine: kwa nini hamuwapandi kama farasi?

Nikamjibu ajaribu yeye kwanza. Simu ikatafsiri, na kwa mara ya kwanza wiki ile ilitafsiri vizuri, maana mwenzake alicheka mpaka akashika ukuta.